Skimu ya makazi ya kilimo: maana yake, na inavyoigusa familia ya mkulima mdogo

Skimu ya makazi ya kilimo ni mpango ambao serikali, au chombo kilichoundwa nayo, hupima eneo kubwa la ardhi, hulikata vishamba vinavyokaribiana ukubwa, kisha huhamishia humo familia nyingi kwa masharti yaliyoandikwa. Masharti hayo ndiyo kiini cha dhana hii. Watu wamehama kutafuta mashamba tangu zamani; katika skimu, hata hivyo, zao, maji, mkopo na soko huweza kuamuliwa na mtu asiyelima.

Si skimu zote zinazobana kwa namna moja. Nchini Kenya, Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, uliwapatia takriban familia 35,000 mashamba yaliyonunuliwa kutoka kwa walowezi wa Kizungu. Familia hizo zilikuwa njiani kumiliki ardhi, ila zilianza zikiwa na deni la kuinunua, na katika miaka mibaya deni hilo lilitangulia mahitaji ya nyumbani.

Mwea, uwanda wa mpunga nchini Kenya unaonyweshwa na mito Thiba na Nyamindi, ni habari nyingine. Skimu hiyo ilianzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, yaani amri ya dharura ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, na sehemu ya kazi ya kuijenga ikafanywa na watu waliokuwa kizuizini. Kila mpangaji alipewa takriban ekari 4, kwa leseni, yaani kibali cha kulima, wala si kwa hati ya kumiliki ardhi. Alitakiwa kulima zao aliloelekezwa na kukabidhi mavuno kwa bodi ya serikali iliyosimamia skimu, ambayo ilikata gharama za maji na pembejeo kabla ya kumlipa. Ni haki kusema kwamba wengi walipata fedha taslimu ambazo shamba la kutegemea mvua lisingewapa, na hilo si jambo dogo.

Lakini mapato ya shamba si lazima yawe mapato ya kila aliyelilima. Malipo yalimfikia mwenye leseni, kwa kawaida mume, ilhali mke aliyepandikiza na kupalilia mpunga alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya shamba lake la mahindi na maharagwe, ambalo mavuno yake aliyasimamia mwenyewe. Kuni nazo zilikuwa adimu katika uwanda ule, zikawa za kununua, na mpunga aliogawiwa na mumewe ndio aliouza ili apate fedha za kuni. Kwa maoni yangu, tathmini yoyote inayohesabu magunia bila kuuliza ni nani aliyeshika fedha zake haijaifikia familia.

Watoto waliguswa kwa njia ya urithi. Kanuni hazikuruhusu shamba kugawanywa, mpangaji alitakiwa kuteua mrithi mmoja, na mtoto aliyefikisha miaka 18 hakuhesabiwa tena miongoni mwa wategemezi walioruhusiwa kuishi naye. Mpango uliopimwa kwa kizazi kimoja haukuwa na nafasi ya kizazi cha pili, na vijana wengi waliozaliwa humo walibaki bila shamba na bila ruhusa ya kukaa.

Mwaka 1998 wakulima wa Mwea walikataa kuipelekea bodi mpunga wao, wakaupitisha katika ushirika wao wenyewe. Baadaye bodi ilirejea hasa kama msimamizi wa maji yanayolipiwa ada, na mkulima akawa huru kumchagua mnunuzi. Uhuru huo wa kuuza, hata hivyo, haukuigeuza leseni kuwa hati ya ardhi.