Kompyuta ya mkulima imechoka: anunue ipi badala yake?

Mkulima anayetujia kutaka ushauri wa kompyuta mpya mara nyingi huanza kwa kutaja majina: ninunue HP, Dell au Lenovo? Kila moja ya kampuni hizo hutengeneza kompyuta madhubuti na nyingine dhaifu, kwa hiyo jina peke yake halimsaidii mnunuzi. Kabla ya kufika dukani, ni vema kwanza ajiridhishe kwamba kompyuta iliyopo nyumbani imefikia mwisho wake kweli.

Kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka, kisha ikasitasita kila unapofungua faili la hesabu za shamba, mara nyingi tatizo lake liko sehemu moja tu: diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma data lazima kihamehame juu yake kutafuta kila kipande. Kazi za kila siku huchota vipande vidogo vingi vilivyotawanyika, na muda wote unaishia katika kuhamahama huko. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Fundi akiitoa diski ya zamani, akaweka SSD, na kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi) kutoka GB 4 hadi GB 8, kompyuta ambayo familia ilikuwa imeikatia tamaa inaweza kutumika miaka mingine kadhaa. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu pesa ya mkulima ina msimu wake, na pesa isiyotumika kwenye kompyuta inabaki kwa mbegu na pembejeo.

Kuna hali ambayo SSD haiiponyi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakuona tofauti. Lakini udhaifu mpya unaogunduliwa ndani ya mfumo huo hauzibwi tena, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufika Oktoba 2026. Kuhamia Windows 11 nako kuna masharti: kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iwe, kwa ujumla, Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 haziyatimizi. Mkulima anayefungua akaunti ya benki kwenye kompyuta kama hiyo anajiweka hatarini. Ana njia mbili: abadilishe kompyuta, au aweke Linux Mint, mfumo wa bure unaopokea masasisho na kutembea vizuri kwenye kompyuta za zamani. Kwa anayetumia kivinjari, baruapepe na majedwali ya hesabu kupitia programu ya bure LibreOffice, njia hii ya pili inatosha kabisa.

Ikiwa uamuzi ni kununua, chukua karatasi uandike kazi zote ambazo kompyuta hufanya nyumbani kwako. Kumbukumbu za mavuno, chanjo na uzazi wa mifugo, malipo ya vibarua, utabiri wa hali ya hewa, mazungumzo ya video na daktari wa mifugo, masomo ya watoto. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kadi ya picha ya michezo au prosesa ya bei kubwa. Kazi ninayoijua kuwa nzito kweli shambani ni kuunganisha mamia ya picha za droni ziwe ramani moja. Hiyo inataka RAM ya GB 32 au zaidi, na wengi huikwepa kwa kuzipeleka picha kwenye huduma za mtandaoni.

Kwenye karatasi hiyohiyo orodhesha vifaa vinavyounganishwa na kompyuta, maana hapa ndipo watu hukwama baada ya kununua. Mizani ya mifugo ya zamani na baadhi ya vipimo vya maziwa hutumia tundu la pini tisa ambalo kompyuta nyingi za leo hazina. Utahitaji waya wa kugeuza kwenda USB, na ni vizuri uujaribu kabla ya kuachana na kompyuta ya zamani. Skrini nyingi za matrekta hupokea data kwa flashi, tena iliyopangwa kwa FAT32 pekee (mojawapo ya njia za kupanga mafaili), kwa hiyo hakikisha kompyuta mpya ina angalau tundu moja la USB la umbo la kawaida la mstatili. Na kama bado unatunza hesabu kwa programu ya miaka ya 1990, fahamu kwamba Windows 11 ni ya biti 64 tu na haiendeshi programu za biti 16. Data iliyomo itolewe mapema, ingali inasomeka.

Sasa tusome ile karatasi ya sifa inayobandikwa kwenye kompyuta dukani. Wauzaji hutanguliza i5 au i7, majina ya prosesa za Intel, kwa herufi kubwa, na wanunuzi wengi hudhani i7 daima inaishinda i5. Tazama namba zinazofuata. Core i7-4600U ni ya kizazi cha 4, na ina viini 2, yaani sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ina viini 4, na ndiyo inayokubali Windows 11. Ukikuta namba tano, au namba nne zinazoanza na 1 kama i5-1135G7, soma mbili za mwanzo: hiyo ni ya kizazi cha 11. Mtu akikuuzia i7 bila kukutajia kizazi, mwombe namba kamili. Akisita, ondoka.

RAM isipungue GB 8. Ukiweza GB 16, kompyuta itakaa nawe muda mrefu zaidi. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, kwa sababu katika kompyuta nyingi nyembamba imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu na haibadilishwi. Diski iwe SSD ya GB 256 au zaidi. Zile kompyuta ndogo za bei ya chini zenye hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 32 au 64 ziache hapohapo dukani. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64 za hifadhi, na kompyuta ikijaa hata masasisho hushindwa kuingia.

Ya mezani au mpakato? Mimi naelekea kwenye mpakato kwa nyumba nyingi za wakulima, na sababu ni umeme. Ya mezani huzimika papo hapo umeme unapokatika, na faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Mpakato huhamia kwenye betri bila wewe kugundua. Mpakato wa kazi za kawaida huja na chaja ya wati 45 au 65, na mara nyingi hutumia pungufu ya hapo. Kama nyumba inategemea sola, tafuta unaochajiwa kwa USB-C: chaja zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 zinapatikana, na hivyo huhitaji inveta inayokula sehemu ya umeme wako kwa kuugeuza tu. Ukichoka kuinama, ongeza kibodi na kipanya vya pembeni, au hata skrini kubwa. Ya mezani inabaki na sifa ya kufunguliwa, kusafishwa na kutengenezwa kwa urahisi, na kwa nyumba yenye umeme wa uhakika si chaguo baya.

Vumbi ni adui mwingine. Feni huvuta hewa, na hewa ya shambani huja na vumbi, makapi na manyoya ya kuku. Taratibu hivyo huziba mapezi ya kupooza prosesa, kompyuta hupata joto, kisha hujipunguzia kasi ili isiungue. Chagua kompyuta ambayo fundi anaweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida, aisafishe kila mwaka. Wengine huuliza kuhusu kompyuta ngumu zenye maandishi MIL-STD-810. Maandishi hayo yanasema mtengenezaji amefanya baadhi ya majaribio ya mtikisiko, joto na vumbi. Hayamaanishi kwamba haipitishi maji. Anayetaka kinga ya vumbi na maji atafute alama ya IP, kwa mfano IP65. Hata hivyo, kompyuta ya nyumbani haihitaji gharama hiyo. Kazi ya zizini na shambani ifanywe na simu, kompyuta ibaki ndani.

Nikiulizwa uamuzi wangu, nasema hivi: kwa pesa ileile, mpakato uliotumika wa daraja la ofisi unamfaa mkulima kuliko mpya wa daraja la chini kabisa. Mifululizo kama ThinkPad T ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP ilitengenezwa kwa watu wanaoshinda kwenye kibodi siku nzima. Bawaba zake ni imara, vipuri vinapatikana, na matoleo mengi yanaruhusu kubadilisha diski na betri.

Bidhaa iliyotumika lazima uikague mwenyewe, mbele ya muuzaji. Iwashe ikiwa imezimwa kabisa. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi katika kila tundu, fungua kamera, cheza sauti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha usome ripoti inayotengenezwa: linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ukikuta umeshuka chini ya nusu, weka bei ya betri nyingine kwenye mazungumzo yenu. Programu ya bure CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski. Ingia pia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) uone kama inadai nenosiri ambalo muuzaji halijui. Mwisho, mwambie airudishe kompyuta kwenye hali ya kiwandani na aiunganishe na intaneti mbele yako. Ikidai baruapepe ya kampuni usiyoijua, kompyuta hiyo bado imo kwenye usimamizi wa mmiliki wake wa awali, na inaweza kufungwa siku yoyote. Usiilipie.

Siku ya kuhama, hamisha data kabla ya jambo lingine lolote. Kumbukumbu za misimu mingi, kipi kilipandwa wapi na kikatoa kiasi gani, hazinunuliki tena zikipotea. Weka nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine mahali nje ya nyumba yako, iwe mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini. Fungua faili chache kutoka kwenye kila nakala uhakikishe zinasomeka. Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kugawiwa hadi umalize msimu mmoja wa hesabu kwenye mpya, maana kuna faili ambazo hutazikumbuka hadi utakapozihitaji. Baada ya hapo futa diski yake kwa programu ya kufuta data kabisa, kwa sababu kufuta mafaili kwa kawaida huyaacha yakirejesheka. Na kama betri yake imevimba, usiitoboe wala kuitupa kwenye moto au jalala. Izime kompyuta, usiichaji tena, na uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.