Chama kimoja: maneno ya vijiweni na yaliyokuwa kwenye karatasi ya kura

Dhana: Enzi za chama kimoja hapakuwa na uchaguzi.

Ulikuwapo, tena uling'oa wakubwa. Katiba ya Muda ya Julai 1965 ilitambua chama cha TANU peke yake Tanzania Bara na chama cha ASP Zanzibar, na mwaka huohuo Bara ikapiga kura. Aliyetaka ubunge alianza kwa kukusanya saini za wapiga kura 25 wa jimbo lake. Majina yakapelekwa kwenye mkutano wa TANU wa wilaya, wajumbe wakayapigia kura, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua mawili. Ilikuwa na uwezo wa kupindua mpangilio wa wilaya ikitaka.

Wagombea hao wawili walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Kampeni binafsi zilipigwa marufuku, na kugusia kabila, dini au rangi pia. Hotuba zilikuwa za Kiswahili tu. Kwenye karatasi ya kura kulikuwa na alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma asikwame. (Kupangiwa jembe katika nchi ya wakulima haikuwa bahati ndogo.) Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaanguka.

Kasoro haikuwa siku ya kura. Ilikuwa kwenye mchujo. Hadi karatasi inamfikia mpiga kura, wote wawili walikuwa wameshapita mikononi mwa chama kilekile na wanatetea sera ileile. Mtu aliweza kubadilishwa, sera haikuguswa. Kwenye urais jina lilikuwa moja, Ndiyo au Hapana. Hata hivyo, hesabu ilijua kusema: Zanzibar mwaka 1985, kura za Ndiyo za Idris Abdul Wakil, mgombea pekee wa urais wa visiwa hivyo, hazikufika theluthi mbili.

Dhana: Mbunge aliwajibika kwa waliomchagua.

Alipenda au hakupenda, aliwajibika kwanza kwa kadi. Bila uanachama hakuna ubunge. Oktoba 1968 TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa, na viti vyao vikaenda na kadi. Wapiga kura wao hawakuulizwa. Mwaka 1975 ukuu wa chama ukaandikwa ndani ya Katiba, ile iliyoitwa "chama kushika hatamu".

Dhana: Mfumo ulikuwa uleule Tanzania na Kenya.

Kenya ilibaki na chama tawala cha KANU pekee tangu chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku mwaka 1969, lakini sheria yenyewe, kifungu cha 2A cha Katiba kilichoruhusu KANU peke yake, ilikuja Juni 1982. Kilichotia doa zaidi ni mlolongo wa 1988. Katika mchujo wa KANU wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Tatizo ni la kiufundi kabla halijawa la kisiasa: foleni ikishatawanyika hakuna cha kuhesabu upya. Ushahidi unaobaki ni namba aliyotangaza msimamizi, na mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Juu ya hayo, chifu na mwajiri wanaona nani kasimama wapi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Dhana: Chama kimoja ndicho kilicholeta umoja.

Kingekuwa ndicho, Kenya ingevuna matunda yaleyale. Tanzania kulikuwa na Kiswahili, na wanafunzi wa sekondari waliopangiwa shule mikoa ya mbali na kwao. Mambo hayo hayahitaji marufuku ya vyama.

Dhana: Maamuzi hupita haraka, basi maendeleo huja haraka.

Haraka ilikuwapo kweli, na kwa kampeni kama za kisomo cha watu wazima ilisaidia sana. Lakini Novemba 1973 ilipotolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu vijijini awe anaishi katika kijiji, viongozi wa mikoa walishindana kuhamisha watu. Wengine walihamishwa kwa nguvu na kuachana na mashamba yao. Ukame ukaongezea, na 1974 hadi 1975 nchi ikaagiza chakula nje. Aliyepaswa kusema "subirini" alikuwa kada wa chama kilichotoa amri.

Dhana: Wananchi walikataa chama kimoja.

Tume ya Jaji Mkuu wa Tanzania, Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 kukusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilikuta takriban asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwa asilimia 20 si watu wa kupuuzwa, na wengi wa wale 80 walidai marekebisho makubwa. Iliorodhesha pia sheria 40 zilizobana haki, ikiwamo ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini.

Dhana: Sheria ilipobadilika, mfumo uliisha.

Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na matawi ya chama kazini na jeshini yakafungwa. Mali haikugawanywa. Viwanja vya mpira kama Kirumba cha Mwanza, Sokoine cha Mbeya na Sheikh Amri Abeid cha Arusha vilibaki mikononi mwa CCM, chama kilichotokana na kuungana kwa TANU na ASP mwaka 1977, na wapinzani wamekuwa wakidai tangu hapo kwamba vilijengwa wakati kila Mtanzania alikichangia chama, awe na kadi au asiwe nayo.