Presha ya maji: kinachohesabika ni kimo, si lita

Shawa yangu ilikuwa ikidondosha maji kama mtu anayelia kimyakimya. Nikajiaminisha kwamba tangi ni dogo. Nikaliteremsha lile la lita 500, nikapandisha la lita 1,000, pana zaidi lakini kimo kilekile, nikaliweka palepale. Siku mbili za jasho. Nilipofungua shawa, mambo yakawa yaleyale. Fundi bomba niliyemwita hakugusa hata spana. Aliuliza tu: "Kutoka uso wa maji hadi shawa ni mita ngapi?"

Swali hilo ndilo maana yote ya presha. Presha ni jinsi maji yanavyosukuma kila kipande cha eneo yanachokigusa, na kwa maji yaliyotulia ndani ya paipu, msukumo huo hutokana na kina cha maji yaliyo juu ya hapo. Kila mita moja ya kimo huleta takriban baa 0.1 (baa ni kizio cha kupimia presha), kwa hiyo mita 10 ni karibu baa 1. Uso wa maji katika tangi langu ulikuwa mita 2 juu ya shawa: baa 0.2. Ndiyo maana ya yale machozi.

Lita haziingii kwenye hesabu hiyo. Tangi pana lina maji mengi, sawa, lakini lina sakafu pana pia, na sakafu hiyo ndiyo inayobeba ule uzito wa ziada. Mwanahisabati Simon Stevin alilieleza jambo hili mwaka 1586, na bado watu tunanunua matangi makubwa kutibu shawa dhaifu. Tangi kubwa hukupa siku nyingi zaidi za maji, basi.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, uunge kwenye koki inayolishwa na tangi, kisha inua ncha yake ya wazi juu ukutani na ufungue koki. Maji yatapanda ndani ya mpira na kusimama usawa uleule wa maji ya tangini. Weka alama hapo, pima kushuka hadi kwenye shawa. Hicho ndicho kimo ulicho nacho, wala huna haja ya kupanda paa.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Geji, yaani kipima presha, ikiunganishwa kwenye paipu ambayo koki yake imefungwa husoma presha kamili hata kama paipu ni nyembamba, kwa sababu maji hayatembei. Fungua koki, na msuguano unaanza kula presha njiani: kila mita ya paipu, kila elbo (kona ya paipu), kila valvu iliyofunguliwa nusunusu. Wembamba ndio unaoumiza zaidi. Punguza kipenyo cha ndani kwa nusu huku ukidai maji kwa wingi uleule, na presha inayopotea huongezeka takriban mara 30. Kwenye baa 0.2 huna cha kupoteza. Ndiyo maana mtu akifungua koki ya jikoni, wewe unabaki bafuni na povu kichwani.

Hita za papo hapo hulijua hili kuliko sisi. Nyingi zina swichi inayosubiri msukumo wa kutosha ndipo iwashe umeme. Maji yakiwa dhaifu, hita haiwaki, na mwenye nyumba anairudisha dukani akidhani ni mbovu.

Mimi niliinua tangi kwa stendi ya mita 1.5, nikabadili paipu ya nusu inchi iliyoteremka kutoka tangini nikaweka ya inchi moja. Stendi ilinichukua muda mrefu kuliko mabomba, maana lita 1,000 ni tani nzima ya maji juu ya miguu minne, na hapo sikubahatisha: nililipa mchomeleaji anayejua kazi.

Shawa sasa inapata baa 0.35. Bado si mvua ya masika, lakini povu linatoka.