Kung'oa thamostati si dawa ya injini kuchemsha

Pikapu ya dizeli ikianza kuchemsha, ushauri wa kwanza huwa ni huu: "Toa thamostati, maji yapite moja kwa moja." Ushauri huu umeharibu injini nyingi.

Thamostati ni vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kupozwa kwenye rejeta. Hubaki imefunga injini ikiwa baridi, kisha hufunguka joto likifika nyuzi 82 hivi au 88, kutegemea injini. Mara nyingi namba imegongwa kwenye chuma chake. Ukiitoa, injini ya dizeli huzunguka ikiwa baridi: mafuta hayaungui vizuri, moshi huongezeka, silinda zinalika mapema. Tena zipo injini ambazo thamostati huziba pia njia ya mkato ya maji. Hizo ukiitoa, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na joto linazidi kupanda.

Ukiishuku, ipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka kipimajoto, pasha moto taratibu uone inafunguka lini. Ikigoma, nunua nyingine yenye namba ileile.

Ikifunguka sawasawa, tafuta kwingine. Gari likichemsha foleni tu, angalia feni na klachi yake, ile inayoifanya izunguke na injini. Likichemsha mlimani na mzigo, rejeta huenda imeziba. Mulika tochi katikati ya mapezi, utaona tope na wadudu. Mfuniko wa rejeta usiokaza nao hushusha kiwango cha kuchemka, ila usiufungue injini ikiwa moto. Mapovu yasiyokoma kwenye maji yanaashiria gasketi ya silinda hedi imeharibika, na hapo zima gari kabisa.