Unauliza jina la mlima, unajibiwa jina la udongo

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alipanda kilima karibu na hapa Mwanza, akaliona ziwa. Ziwa akalipa jina la malkia wake, Victoria. Kilima nacho akakiita Somerset, jimbo la ukoo wake huko Uingereza. La ziwa limedumu. Somerset kaulizie Isamilo au Mabatini leo, watadhani unatafuta baa.

Mimi ni mpima udongo. Nilipopangiwa kazi Kwimba mara ya kwanza, fomu yangu ilikuwa na nafasi moja: jina la mlima. Nikamuuliza mzee mwenye shamba. Baada ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na habari za nyumbani, naye akaniuliza, "Umesimama wapi, mwanangu?" Nikaona ananizungusha.

Kumbe alikuwa sahihi: jina linategemea umesimama wapi kwenye mteremko. Kileleni ni mawe matupu ya graniti, ndugu wa haya yanayobeba nyumba zetu mjini, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5. Jiwe likilika kwa jua na mvua, chembe ngumu hubaki karibu kama mchanga mweupe. Hiyo ndiyo luseni: jembe linaingia bila ugomvi, nayo inafaa muhogo, karanga na viazi vitamu. Ule unga laini wa mfinyanzi husombwa na maji pamoja na chumvichumvi, ukatulia chini zaidi, ukagandamana. Hapo ni itogolo. Kiangazi sururu inadunda. Masika maji hayapenyi, na kwa sababu hiyohiyo watu huchimba majaruba wakalima mpunga. (Nilichimba shimo langu la kwanza hapo, mwezi wa nane. Mzee alinitazama tu.) Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mguu ukikauka; mvua zikiisha, unyevu wake unatosha kuivisha dengu.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliuita mfuatano wa namna hii katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Dunia nzima inalitumia. Pete za mnyororo wenyewe Wasukuma walikuwa wameshazipa majina moja moja, kwa jembe.

Kwenye ile nafasi moja niliandika luseni, itogolo, mbuga, kwa mwandiko mdogo hadi nje ya mstari. Fomu ilirudishwa. Walitaka jina moja.