Mkaguzi Akibisha Hodi, Si Lazima Pawe na Kosa

Wakaguzi wakionekana wanaingia kwenye makao ya kutunzia watu wazima, minong'ono huanza: "Humo kuna kitu kimeharibika." Mara nyingi hakuna. Makao yenye leseni hukaguliwa kwa ratiba, yawe yamelalamikiwa au la, na katika nchi nyingi mkaguzi huja bila taarifa, makusudi kabisa, ili aikute siku ya kawaida, si siku iliyopigwa deki kwa ajili yake.

Kazi yenyewe inachosha kuliko watu wanavyodhani. Mkaguzi huhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kabati la dawa na kuvilinganisha na daftari: kama saini zinaonyesha mzee amemeza vidonge 20, na kichupa cha vidonge 30 bado kina 14, mtu ataulizwa. Hupima joto la maji ya bomba, maana maji ya nyuzi 60 za Selsiasi humbabua mtu vibaya ndani ya sekunde chache. Hupitia majalada ya wafanyakazi, hujaribu milango ya dharura, kisha huketi faragha na wakazi wenyewe. Hapo ndipo mengi hujulikana.

Kasoro ndogondogo hazikosi. Huandikwa, na makao hupewa muda wa kurekebisha. Mimi, ripoti isiyo na doa miaka nenda miaka rudi ndiyo hunitia shaka. Ukimtafutia mzazi mahali, usiishie kuuliza kama wamewahi kukutwa na kosa. Omba ripoti za nyuma uone kama kosa la mwaka jana limejirudia mwaka huu.