Homa Ikishuka Usiseme Umepona: Maswali Kuhusu Virusi Vinavyoenezwa na Mbu na Kupe

Ni virusi gani hivi?
Ni vile vinavyoingia mwilini kwa kuumwa na mdudu aliyebeba maambukizi. Mbu aina ya Aedes hueneza dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano, ilhali kupe hueneza homa ya Krimea-Kongo.

Vinafikaje mahali ambapo havikuwapo?
Msafiri hubeba virusi katika damu yake, na mayai ya Aedes, ambayo hustahimili ukavu kwa miezi, husafirishwa ndani ya matairi yaliyotumika. Chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ililipuka Italia mwaka 2007 kupitia msafiri mmoja, kwa kuwa mbu wa kuieneza walikuwa wamekwisha kuhamia huko.

Nilimeza dawa ya malaria bila kupima, na homa ikashuka. Si nimepona?
Hapana. Ikiwa ni dengi, homa hushuka yenyewe, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, na dawa ya malaria haikuchangia lolote. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari zaidi, kwa sababu majimaji ya damu yanaweza kuvuja kutoka katika mishipa.

Hata kama mgonjwa hana joto kabisa?
Hata kama hana. Akiumwa sana tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu kwenye fizi au akilegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wala asingojeshwe hadi asubuhi. Tunaletewa wagonjwa waliokwisha kupoa mikono na miguu, na ndugu wanatueleza kwamba walitulia kwa kuwa homa ilishuka. Tafadhalini, msitulie.

Je, sindano ya diklofenaki?
Haifai, na aspirini na ibuprofeni hazifai vilevile, maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi na vinywaji vya kutosha vinatosha hadi mgonjwa apimwe.

Chandarua kinatosha?
Hakitoshi, kwani Aedes huuma mchana. Kila wiki mwageni maji yaliyotuama na kusugua kuta za vyombo, ambako mayai hunata.

Kupe aondolewe vipi?
Mshike kwa kibano karibu na ngozi, umvute taratibu. Usimpasue kwa vidole. Homa ikitokea ndani ya wiki mbili, mweleze mhudumu kuhusu kupe huyo kabla hajakutoa damu, kwa kuwa homa ya Krimea-Kongo huambukiza kwa damu ya mgonjwa.